Jinsi ya kuingia kwenye rununu kwa ufunguo wa SSH bila neno la siri

KUINGIA kwenye rununu kutoka kwa tarakilishi bila kuulizwa neno la siri ni jambo linalowatia watu wengi hofu. Wengi hudhani kwamba mlango usiouliza neno la siri ni mlango ulioachwa wazi.

Katika matumizi ya SSH, ukweli ni kinyume. Rununu inayokubali ufunguo pekee ni ngumu zaidi kuvamiwa kuliko ile inayotegemea neno linalokaririwa kichwani. Hata hivyo, usalama huo una masharti yake, na asiyeyafahamu anaweza kujikuta amempa mwizi wa simu ufunguo wa nyumba nzima.

SSH ni itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano, unaomwezesha mtu aliye kwenye mtambo mmoja kutoa amri kwa mtambo mwingine. Kila kinachopita kati ya mitambo hiyo miwili hufichwa kwa msimbo ili wanaodukiza njiani wasiambulie chochote.

Mafundi wa tarakilishi huitumia kila siku kusimamia seva zilizo mbali. Kwa kuwa rununu za siku hizi zina uwezo wa kuendesha programu iyo hiyo, mwenye simu anaweza kuitumia kunakili picha, kuhifadhi nakala za nyaraka au kuandika programu akitumia kibodi kubwa ya tarakilishi yake.

Chimbuko la SSH

Mnamo 1995, mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini ulivamiwa na mdukuzi aliyenasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita humo. Wakati huo, programu zilizotumiwa sana kama vile Telnet zilisafirisha neno la siri likiwa wazi. Yeyote aliyeweza kusikiliza mtandao aliweza kulisoma.

Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, aliamua kuunda chombo ambacho kingeziba pengo hilo. Aliitoa SSH kwa umma Julai 1995 bila malipo, na kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika mataifa 50. Ilipewa mlango nambari 22, katikati ya 21 wa FTP na 23 wa Telnet, itifaki mbili ilizokusudiwa kuchukua nafasi yazo.

Desemba 1999, waundaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD walitoa toleo lao huru lililoitwa OpenSSH. Hilo ndilo linalotumika zaidi leo. Limo katika mifumo ya Linux na Mac, na tangu 2018 limekuwa likija pamoja na Windows 10.

SSH ilikomesha wizi wa maneno ya siri njiani. Hata hivyo, haikuweza kumzuia mtu kulikisia neno lenyewe, au kulitumia pale ambapo tayari linajulikana na kila mtu.

Funzo la 2009

Udhaifu huo ulidhihirika kwenye simu Novemba 2009. Wakati huo, baadhi ya wenye simu za iPhone walikuwa wakivunja vizuizi vilivyowekwa na kampuni ya Apple ili waweze kuingiza programu wanazotaka. Wengi wao waliingiza OpenSSH pia.

Simu hizo zote zilikuwa na neno moja la siri kutoka kiwandani, “alpine”, na wengi hawakulibadilisha. Neno hilo lilikuwa limechapishwa kote mtandaoni.

Nchini Uholanzi, mtu mmoja alizisaka simu za aina hiyo kwenye mtandao wa kampuni ya simu, akaingia na kuwaachia wenyewe ujumbe wa kuwataka walipe euro tano ili waelezwe jinsi ya kujilinda. Siku chache baadaye, kirusi kilichopewa jina ikee kilisambaa nchini Australia kikitoka simu moja hadi nyingine, na kubadilisha picha ya skrini kuwa ya mwanamuziki Rick Astley.

Kirusi hicho cha kwanza kilikuwa cha mzaha. Kilichokifuata mwishoni mwa mwezi uo huo hakikuwa cha mzaha: kiliwalenga wateja wa benki ya ING nchini Uholanzi, kikalibadilisha neno la siri la simu na kuiweka chini ya amri ya seva iliyokuwa mbali.

Msimbo wa SSH haukuvunjwa katika visa hivyo vyote. Wavamizi walipitia mlango wa mbele wakitumia neno halali. Iwapo simu hizo zingekuwa zimekataa maneno ya siri na kukubali funguo pekee, kujua neno “alpine” kusingewafaa kitu.

Ufunguo hufanyaje kazi?

Ufunguo wa SSH si kitu kimoja bali ni jozi ya faili mbili. Moja ni ufunguo wa faragha, ambao hubaki kwa mwenyewe na hapaswi kumpa mtu yeyote. Nyingine ni ufunguo wa umma, ambao unaweza kuonekana na kila mtu bila hasara.

Wazo la funguo za aina hii lilichapishwa mnamo 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka uliofuata, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa taasisi ya MIT walibuni mbinu ya RSA, ambayo ingali inatumika.

Mfano wa karibu ni muhuri. Ofisi inaweza kuweka sampuli ya alama ya muhuri ili kuhakiki barua zinazoletwa. Tofauti ni kwamba alama ya muhuri wa kawaida inaweza kuigwa na fundi stadi, ilhali hakuna anayejua njia ya kuupata ufunguo wa faragha kwa kuutazama ule wa umma.

Tarakilishi inapotaka kuingia kwenye rununu, huitajia ufunguo wake wa umma. Rununu hutazama katika orodha yake ya funguo zinazokubalika. Ikiupata, tarakilishi hutia saini kwenye ujumbe ulio na utambulisho wa mawasiliano hayo pekee, kisha rununu huikagua saini hiyo kwa kutumia ufunguo wa umma.

Ufunguo wa faragha hauondoki kwenye tarakilishi hata mara moja. Aidha, saini ya leo haiwezi kutumika kesho kwa kuwa utambulisho wa mawasiliano hubadilika kila mara. Mtu akidanganywa kuingia kwenye seva bandia kwa neno la siri, mwenye seva hiyo hulipata neno lenyewe. Akiingia kwa ufunguo, tapeli huyo huambulia saini isiyomfaa kwingine.

Tofauti ya nguvu nayo ni kubwa mno. Neno la herufi sita ndogo, kama lile la 2009, lina michanganyiko 308,915,776 pekee, idadi ambayo mtambo unaweza kuimaliza. Kuvunja ufunguo wa aina ya Ed25519 kunakadiriwa kuhitaji hesabu zifikazo 2 kwa kipeo cha 128, idadi yenye tarakimu 39.

Ed25519 ilibuniwa na Daniel J. Bernstein na wenzake mnamo 2011 na ikaingizwa katika OpenSSH Januari 2014. Funguo zake ni fupi na huundwa haraka, jambo linaloifaa rununu. Ufunguo wote wa umma hutoshea kwenye mstari mmoja.

Pamoja na hayo, ufunguo huwa thabiti tu ikiwa umeundwa kwa namba za kubahatisha kwelikweli. Mnamo 2006, marekebisho yaliyofanywa kwenye programu ya OpenSSL katika mfumo wa Debian yaliharibu uundaji wa namba hizo. Kosa hilo lilipogunduliwa Mei 2008, ilibainika kuwa kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kulikuwa na funguo 32,767 pekee zilizoweza kuundwa. Wengi walilazimika kuzitupa funguo zao na kuunda nyingine. Ndiyo maana ni muhimu kutumia programu iliyosasishwa.

Maandalizi kwenye rununu

Maelezo yanayofuata yanahusu rununu za Android zikitumia programu ya bure ya Termux, ambayo huipa simu mazingira yanayofanana na ya Linux. Programu hiyo hupatikana katika hifadhi ya F-Droid. Si lazima kuvunja vizuizi vya simu ili kuitumia.

Kwanza, mtumiaji aifungue Termux, asasishe vifurushi vyake na kuingiza OpenSSH kwa amri hizi mbili:

pkg upgrade

pkg install openssh

Baada ya hapo, aulize jina analotambuliwa kwalo ndani ya Termux:

whoami

Jibu huwa jina la mfano wa u0_a123. Kisha aweke neno la siri la muda, ambalo litatumika mara moja tu kuupeleka ufunguo na kufungiwa nje baadaye:

passwd

Hata likiwa la muda, neno hilo lisiwe rahisi kukisiwa. Hatimaye awashe huduma yenyewe:

sshd

Termux husikiliza katika mlango nambari 8022 badala ya 22. Sababu ni kwamba mifumo ya jamii ya Linux hairuhusu programu ya kawaida kutumia milango iliyo chini ya 1024, na Termux haina mamlaka ya msimamizi mkuu.

Kinachobaki ni kujua anwani ya rununu kwenye mtandao wa Wi-Fi. Anwani hiyo huonyeshwa katika mipangilio ya Wi-Fi ya simu na huwa na sura ya 192.168.1.20. Rununu na tarakilishi zinapaswa kuwa kwenye mtandao mmoja. Ni vyema kazi hii ifanyiwe nyumbani au ofisini, wala si kwenye Wi-Fi ya mkahawa ambako majirani wa mtandaoni hawajulikani.

Kuunda na kupeleka ufunguo

Hatua hii hufanyika kwenye tarakilishi, si kwenye rununu. Mtumiaji aandike:

ssh-keygen -t ed25519 -C kipakatalishi

Neno la mwisho ni lebo tu ya kumsaidia mwenyewe kuutambua ufunguo siku za usoni. Programu itauliza mahali pa kuhifadhi, na jibu lililopendekezwa linafaa. Kisha itaomba kauli ya siri ya kuufungia ufunguo. Umuhimu wa kauli hiyo umeelezwa hapa chini.

Faili mbili zitaundwa ndani ya kabrasha liitwalo .ssh: id_ed25519, ambayo ni ya faragha, na id_ed25519.pub, ambayo ni ya umma. Faili ya umma ndiyo inayopelekwa kwenye rununu:

ssh-copy-id -p 8022 u0_a123@192.168.1.20

Jina na anwani katika amri hiyo ni mfano tu. Kila mtu atumie vya rununu yake.

Kwa kuwa ni mara ya kwanza, tarakilishi itaonyesha alama ya utambulisho ya rununu na kuuliza iwapo inatambuliwa. Wengi hujibu “yes” bila kusoma. Swali hilo ndilo linalomhakikishia mtumiaji kwamba anazungumza na rununu yake na si na mtambo wa mtu mwingine. Alama halisi huonekana kwa kuandika amri hii kwenye rununu yenyewe:

ssh-keygen -lf $PREFIX/etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Alama zote mbili zikilingana, mtumiaji akubali na kuandika neno la siri la muda.

Tarakilishi za Windows huwa hazina amri ya ssh-copy-id. Anayeitumia Windows anaweza kuifungua faili ya umma, kunakili mstari wake wote na kuubandika kwenye rununu mwishoni mwa faili ya .ssh/authorized_keys. Mstari huo si siri, lakini usikatwe wala kugawanywa mara mbili. Herufi moja ikikosekana, ufunguo hautakubalika.

Baada ya hapo, jaribio lifanywe:

ssh -p 8022 u0_a123@192.168.1.20

Ikiwa rununu itafungua bila kuuliza neno lake la siri, ufunguo umekubalika. Swali likiulizwa kuhusu kauli ya ufunguo, hilo linatoka kwenye tarakilishi yenyewe wala si kwenye rununu.

Kuufunga mlango wa neno la siri

Wengi huishia hapo wakidhani kazi imekamilika. La hasha. Kufikia hatua hii rununu ina milango miwili: wa ufunguo na wa neno la siri. Mvamizi hatahangaika na ule ulio imara iwapo ule dhaifu ungali wazi.

Mtumiaji aifungue faili ya mipangilio kwenye rununu. Ikiwa kihariri cha nano hakipo, akiingize kwanza kwa amri ya pkg install nano:

nano $PREFIX/etc/ssh/sshd_config

Mstari unaosema PasswordAuthentication yes ubadilishwe uwe:

PasswordAuthentication no

Ni muhimu kuubadilisha mstari wenyewe badala ya kuongeza mwingine mwishoni. Programu ya sshd hufuata thamani ya kwanza inayoikuta na kupuuza zinazofuata. Wapo waliodhani wamefunga mlango kumbe mstari wao wa chini haukusomwa.

Huduma izimwe na kuwashwa tena moja kwa moja kwenye rununu:

pkill sshd

sshd

Mwishowe, hakikisho litafutwe kwa kujaribu kuingia kutoka kwenye tarakilishi bila ufunguo:

ssh -p 8022 -o PubkeyAuthentication=no u0_a123@192.168.1.20

Jibu linalotakiwa ni kukataliwa papo hapo, bila hata kuulizwa neno la siri. Rununu ikiuliza, mpangilio haujashika.

Kurahisisha matumizi

Kuandika anwani na nambari ya mlango kila mara huchosha. Mtumiaji anaweza kuyaweka maelezo hayo katika faili ya .ssh/config kwenye tarakilishi:

Host simu
HostName 192.168.1.20
Port 8022
User u0_a123

Tangu hapo ataingia kwa kuandika ssh simu pekee. Anwani ya Wi-Fi hubadilika mara kwa mara, hivyo inafaa kuiagiza ruta impe rununu anwani moja ya kudumu.

Vilevile, Android huzilaza programu ili kuokoa betri, na mawasiliano yanaweza kukatika skrini inapozimika. Amri ya termux-wake-lock huizuia simu kulala wakati kazi inaendelea, ingawa betri nayo itaisha haraka.

Kazi ikimalizika, huduma izimwe kwa pkill sshd. Mlango usiohitajika hauna sababu ya kuwa wazi, hata ukiwa imara.

Kauli ya siri na rununu iliyoibwa

Hadi hapa tarakilishi ndiyo imekuwa mgeni na rununu mwenyeji. Mara nyingi huwa kinyume: fundi akiwa safarini hutumia rununu kuingia kwenye seva ya kazini. Hata wenye iPhone ambazo hazijavunjwa vizuizi wanaweza kufanya hivyo kwa programu zinazopatikana katika duka la Apple.

Utaratibu ni ule ule. Jozi ya funguo huundwa kwenye rununu na ufunguo wa umma hupelekwa kwenye seva. Hatari ndiyo hubadilika. Sasa ufunguo wa faragha unakaa kwenye kifaa kinachobebwa mfukoni, kinachosahauliwa kwenye matatu na kunyakuliwa na vijana wa pikipiki.

Neno la siri hukaa kichwani mwa mwenyewe. Ufunguo hukaa kwenye faili, na faili huenda pamoja na kifaa. Aliyeondoa neno la siri bila kuulinda ufunguo amehamisha imani yake yote hadi kwenye kifaa kimoja.

Ndiyo maana kauli ya siri inahitajika. Kauli hiyo huusimba ufunguo wa faragha ili faili ikiibwa isisomeke. Haipiti kwenye mtandao hata kidogo, na seva haijui kama ipo. Inafaa iwe ndefu, kwa mfano maneno kadhaa yasiyohusiana, kwa kuwa mwizi mwenye faili anaweza kukisia apendavyo bila kuzuiwa na seva yoyote.

Anayechoshwa na kuiandika kila mara anaweza kumtumia wakala wa funguo, programu inayoushikilia ufunguo uliofunguliwa kwa muda uliowekwa. Amri zifuatazo humwanzisha wakala na kumkabidhi ufunguo kwa saa moja:

eval $(ssh-agent)

ssh-add -t 1h

Tahadhari nyingine inahusu mahali pa kuhifadhi. Ufunguo wa faragha usiwekwe katika hifadhi ya pamoja ya simu, yaani pale panapokaa picha na nyimbo. Programu nyingine zilizopewa ruhusa ya hifadhi zinaweza kuusoma. Isitoshe, hifadhi hiyo haizingatii ruhusa za faili za Linux, na ssh itaukataa ufunguo ikilalamika kuwa haujalindwa.

Mwenye seva nyeti anaweza kwenda hatua moja mbele. Tangu Februari 2020, toleo la 8.2 la OpenSSH huruhusu funguo zinazotegemea kifaa kidogo cha usalama cha viwango vya FIDO. Kwa funguo hizo, faili iliyoibwa haifanyi kazi bila kifaa chenyewe kuwapo na kuguswa.

Kila kifaa na ufunguo wake

Kosa linalofanyika sana ni kunakili ufunguo mmoja wa faragha kutoka tarakilishi hadi rununu ili kuepuka kazi ya kuunda mwingine. Kufanya hivyo huondoa faida kubwa ya funguo, yaani uwezo wa kumfukuza mgeni mmoja bila kuwasumbua wengine.

Kila kifaa kinapokuwa na ufunguo wake wenye lebo yake, faili ya authorized_keys kwenye seva huwa kama daftari la wageni. Rununu ikiibwa, mwenyewe huingia kwa kutumia kifaa kingine, akautafuta mstari wenye lebo ya simu hiyo na kuufuta. Kuanzia hapo ufunguo ulioibwa haufungui chochote, na tarakilishi ya nyumbani inaendelea kuingia kama kawaida.

Hata hivyo, kufuta mstari hakumtoi aliyekwisha kuingia. Mawasiliano yaliyofunguliwa kabla ya hapo hubaki hai hadi yakatwe. Kwa hivyo, baada ya kufuta mstari, mwenye seva atazame ni nani aliye ndani kwa amri ya who na kuyakatiza mawasiliano asiyoyatambua.

Kadhalika, si lazima kila ufunguo upewe mamlaka yote. Mwanzoni mwa mstari wake katika authorized_keys panaweza kuwekwa kizuizi. Kizuizi cha from huukubali ufunguo ukitoka kwenye anwani fulani pekee, na kile cha command huufanya ufunguo utekeleze amri moja tu, kama vile kupakia nakala za picha.

Rununu inapotumika kama mwenyeji, hatari ina mipaka yake. Aliyeingia kupitia Termux hufikia faili za Termux, na hifadhi ya pamoja iwapo programu hiyo imepewa ruhusa. Android humzuia kufikia data ya programu nyingine. Kinga hiyo hudhoofika simu inapovunjwa vizuizi, kama ilivyokuwa kwa iPhone za 2009.

Ufunguo unapokataliwa

Ikiwa rununu au seva inaendelea kuukataa ufunguo, mara nyingi sababu ni ruhusa za faili. Programu ya sshd hukataa kuisoma orodha ya funguo iwapo watumiaji wengine wa mtambo wanaweza kuiandika, kwa kuwa mtu angeweza kujiongeza kwenye orodha. Tiba ni amri hizi kwenye mtambo unaoingiwa:

chmod 700 ~/.ssh

chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys

Sababu nyingine ni ufunguo wa zamani. Saini za RSA zinazotumia mbinu ya SHA-1 zilizimwa katika toleo la 8.8 la mwaka wa 2021, na funguo za DSA ziliondolewa kabisa katika toleo la 10.0 la mwaka wa 2025. Simu kuukuu yenye programu isiyosasishwa inaweza kushindwa kuelewana na seva mpya. Dawa ni kusasisha programu na kuunda ufunguo wa Ed25519, wala si kuirudisha seva kwenye mipangilio ya zamani.

Iwapo chanzo hakijulikani, kuongeza -v katika amri ya ssh huonyesha kila hatua ya mawasiliano, ukiwemo ufunguo uliojaribiwa na jibu lililotolewa.

Jambo tofauti ni pale tarakilishi inapoonya kwamba utambulisho wa rununu umebadilika. Onyo hilo ni la kawaida iwapo Termux iliondolewa na kuingizwa upya, kwani kuiondoa hufuta funguo zake zote. Lakini ikiwa hakuna kilichobadilishwa, mtumiaji asiendelee hadi ajue sababu.

Mipaka ya sheria

Hatua hizi zote zinahusu vifaa vya mtu mwenyewe au alivyopewa idhini ya kuvisimamia. Kuuweka ufunguo wako kisiri kwenye simu ya mwenzi, mwajiriwa au mwanafunzi ni kujifungulia mlango usio wako.

Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 huhesabu kuingia kwenye mtambo bila idhini kuwa kosa. Kifungu cha 14 kinaweka adhabu ya faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kwa mwenye idhini, ukaguzi wa mara kwa mara ndio unaokamilisha kazi. Faili ya authorized_keys isomwe kila baada ya miezi michache, mstari kwa mstari. Lebo ya simu iliyouzwa, ya kipakatalishi kilichoharibika au ya mfanyakazi aliyeondoka ifutwe siku iyo hiyo, na mstari usiotambulika usiachwe kwa kudhani kwamba huenda una kazi yake.